Samaki Weusi wa Shimo la Juu

Mto wa kwanza niliousoma kitabuni uko Kanada, na sijawahi kuuona. Mto wa kwanza niliouharibu uko nje kidogo ya mtaa wa Mikelenge, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, na huo nimeuona kuliko nilivyotaka. Nafundisha jiografia hapa Kindu. Kila mwaka wanafunzi huniuliza kwa nini naanza somo la mito na kijito ambacho hakimo kwenye ramani yoyote, na kila mwaka huwaambia wanyamaze waandike. Nadhani sasa nimefikia umri wa kuwajibu.

Kitabu kilikuwa cha baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikikuta kabatini shuleni, kimeachwa na mgeni fulani aliyepita zamani. Kilikuwa chembamba, kwa Kifaransa, jalada la kijani, na chote kilihusu mto mmoja mdogo wa Kanada tangu unapozaliwa hadi unapofia. Sisi tuna Lualaba mlangoni, mto ambao ukitaka kuuvuka lazima upande pirogi na umwombe Mungu. Sasa mtu mzima kukaa chini na kuandika kitabu kizima juu ya mto ambao ng'ombe anauvuka bila kulowa tumbo, hilo lilitushinda. Baba alikipenda hata hivyo, kwa sababu ya mpangilio wake. Kwanza chanzo, pili mawe, tatu kingo, nne wanyama, tano mdomo. Aliniambia mtu akijua hayo matano mto hauwezi kumdanganya. Kila nikitoka shule alinikalisha nimtafsirie ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na nikikosea alinigonga kisogoni kwa kalamu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mto ule unazaliwa kwenye ziwa dogo katikati ya misonobari. Kwamba mawe yake yamesuguliwa na barafu ya zamani mno. Kwamba miezi mingi ya mwaka juu yake pana sakafu ya barafu na watu wanatembea juu yake na mizigo yao. Kuna mnyama huko mwenye meno marefu na mkia mpana ambaye anaangusha miti, anaziba maji kwa matope na matawi, na anatengeneza bwawa. Nilipomsomea mama habari hizo aliacha kutwanga akacheka hadi akakaa. Alisema huyo si mnyama, huyo ni mwanamke wa kwetu.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwetu wanawake ndio wanaoziba mto. Kiangazi kikifika na maji yakipungua, wanashuka kijitoni na mabeseni, wanajenga kuta mbili za matope na matawi, moja juu na moja chini, kisha wanasimama kwa safu na kumwaga nje maji yaliyo katikati hadi yaishe. Mama alikuwa anasema bismillahi kabla ya beseni la kwanza. Baada ya hapo ni kazi ya kuvunja mgongo, na nyimbo ambazo sitaziandika hapa kwa sababu zinasema mabaya ya waume. Maji yakiisha mnaingia matopeni kwa magoti, mikono chini ya mizizi, na mnatoa kaa, kambare, na wale samaki weusi nitakaowasimulia. Jioni hiyohiyo lazima ukuta ubomolewe, maana mwenzako wa chini naye anasubiri maji. Kila familia ina kipande chake cha mto. Kipande kinatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume hana neno.

Niueleze mto wenyewe sasa, kwa mpangilio wa baba, ingawa najua nitaruka baadhi. Chanzo chake ni kinamasi chenye minazi ya porini, ile ya kukamulia pombe, na ardhi inayotetemeka ukiikanyaga. Maji yanatoka pale tayari ni meusi, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, kwa sababu ya majani yanayooza ndani yake. Ukiyachota kwenye kiganja ni safi. Kutoka kinamasini yanaingia kwenye shimo moja pana, la kina, lililofunikwa na miti; sisi tunaliita shimo la juu. Kisha kuna mwamba, na maji yanaanguka kimo cha mtu mzima. Chini ya mwamba ndipo vinapoanza vipande vya wanawake, kimoja baada ya kingine, cha mama yangu kikiwa cha kwanza, hadi mto unapomwagika Lualaba na weusi wake kupotea mle mara moja.

Samaki mweusi ana urefu wa mkono hadi kiwiko na kichwa kama cha nyoka. Anapanda juu ya maji kuvuta pumzi kama mtu. Akizaa, yeye na mwenzake wanalinda watoto. Vitoto ni vyekundu kidogo na vinaogelea kwa pamoja, vimeshikana kama ngumi, na wazazi wako chini yao. Makao yao ni shimo la juu. Mvua kubwa zikija, baadhi wanasombwa juu ya mwamba na kuanguka kwenye vipande vyetu, na hao ndio tunaokula kiangazi kinachofuata. Hili sikulisoma mahali popote. Mama alilijua, na bibi alilijua kabla yake, na waliliweka kwa maneno machache sana.

"Ile shimo ya juu, hapana kugusa," mama alikuwa anasema. Basi. Hakuna maelezo. Ukiuliza sababu unatumwa kuni.

Baba alikufa kwa homa mwaka mmoja kabla vita havijafika kwetu. Vilipofika, mama alibeba sufuria, beseni na mdogo wangu wa kike, mimi nikabeba mikeka na kitabu cha baba. Sijui kwa nini kitabu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mikononi palibaki nafasi. Tulikwenda mahali ambapo mama alipajua vizuri kuliko mahali pengine popote duniani, yaani kijitoni, na tulikuta nusu ya mtaa imeshafika. Tulijenga vibanda vya majani pale juu karibu na mwamba. Tulidhani ni wiki mbili. Tulikaa hadi nikasahau siku za wiki.

Watu wanapenda kuniuliza habari za risasi. Risasi tulizisikia kwa mbali. Ninachokumbuka zaidi ni ukosefu wa chumvi. Wanawake walichoma majani ya majini, wakachuja majivu, wakapata unga wa kijivu unaochubua ulimi, na tulishukuru. Tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila mafuta, bila samaki, asubuhi na jioni, na mihogo iliyokuwa inachimbwa ikiwa bado midogo kama vidole. Mto ulizibwa na kumwagwa mara nyingi mno. Kipande kinachotakiwa kupumzika mwaka mzima kilimwagwa kila wiki, halafu kila siku ya tatu, hadi watu wakawa wanatoka matopeni na vyura tu. Shimo la juu halikuguswa. Wanawake wote walilijua, wote walipita karibu nalo kwenda kuchota maji, na hakuna aliyeingiza hata kikapu. Bado najiuliza waliwezaje.

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu. Kwanza alikataa kucheza, kisha nywele zake zikawa nyekundu na nyepesi, kisha miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Hakuna aliyehitaji daktari kuambiwa kwamba ni bwaki, ule utapiamlo wa mtoto anayekosa samaki na nyama. Vibanda vingine vitatu vilikuwa na mtoto wa namna hiyo, na kimoja kilikuwa kimeshamzika. Nilikuwa namsomea kitabu cha baba ili asilie. Aliniuliza barafu ni kitu gani, nikamwambia ni maji yaliyogoma. Alipenda hilo.

"Mama," nilisema siku moja, "mutoto iko na bwaki."

"Nimeona."

"Samaki iko kule juu."

"Nimekuambia, ile shimo hapana kugusa. Tukifungua leo, wote watafungua. Mwaka kesho tutakula nini?"

Nilimchukia mama. Naandika neno lenyewe kwa sababu ndilo nililolihisi, na lilidumu siku kadhaa. Yeye alikuwa anampa mtoto sehemu yake ya chakula, nilimwona, mifupa ya mabega yake ilikuwa imetokeza. Lakini nilimwona pia akipita kando ya maji yenye samaki na ndoo tupu, kama hayamhusu. Niliona ni ujinga wa watu wasiosoma. Mimi nilikuwa nimesoma.

Katika kitabu cha baba, sura ya wanyama, kulikuwa na samaki wa Kanada. Anazaliwa kwenye changarawe za mto, anashuka baharini, anakua huko, kisha anarudi kwenye mawe aliyozaliwa. Kila mwaka wanarudi. Palikuwa na picha yake, amejikunja hewani, anaruka juu ya maporomoko marefu kuliko mwamba wetu. Niliitazama picha ile muda mrefu. Nilifanya hesabu yangu ya mtoto wa mwalimu: samaki hutoka chini, hupanda juu, huruka maporomoko, hurudi. Kwa hiyo shimo la juu likiisha, Lualaba italijaza. Mama hakujua tu. Hata ukurasa nilikuwa naukumbuka.

Nyuma ya vibanda vyetu, kwenye shamba la zamani, kulikuwa na mti mdogo ambao majani yake yakitwangwa na kutiwa majini samaki wanalewa. Wanawake wa kwetu hawautumii kwenye mto unaotiririka. Wanaudharau, wanasema ni kazi ya wavivu. Niliyatwanga majani juu ya jiwe asubuhi, mama akiwa amekwenda mbali kutafuta mihogo. Niliyaweka kwenye kikapu, nikaingia shimoni hadi kifuani, nikakitikisa. Maji yakapata povu. Baada ya muda samaki walianza kupanda, vichwa vya nyoka vimetoka nje, midomo wazi. Walikuja hadi mikononi mwangu. Sikuwa na haja ya kuwakamata, nilikuwa nawaokota tu. Vile vitoto vyekundu navyo vilipanda, ngumi ile imefunguka, vimetawanyika juu ya maji kila kimoja peke yake. Hivyo niliviacha kwa sababu ni vidogo mno kuliwa.

Nilimwambia mama nimewapata kwenye kipande chetu, kwamba nilizibia pembeni. Aliwatazama. Alichukua mmoja, akamfungua mashavu, akamrudisha. Kisha akawaosha wote, akamwaga maji, akawaosha tena, akamwaga, akawaosha mara ya tatu. Wengine aliwakausha juu ya moshi, ndani ya kibanda, bila kumwonyesha jirani. Wawili alipeleka kwenye vile vibanda viwili vilivyobaki na mtoto mgonjwa, na akasema ni mabaki ya zamani. Mdogo wangu alikula samaki muda wa wiki mbili na zaidi. Miguu ilipungua. Siku alipomtupia jirani jiwe nilijua atapona.

Leo anafanya biashara ya mchele Kibombo, mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya Lualaba. Ana miguu mizuri na anajua kwamba anayo. Nikimtazama sijuti hata kidogo. Nikiutazama mto najuta. Nimeishi na vyote viwili na sijapata namna ya kuvipatanisha, na wanaoniambia kwamba nilikuwa mtoto tu huwa wananiudhi.

Tuliporudi mjini, kiangazi cha kwanza cha amani, mama alinichukua tukaenda kwenye kipande chetu. Tulimwaga maji kutwa nzima. Tulipata kaa, vyura na samaki wadogo wa kukaanga, wale wanaopatikana kila mahali. Mweusi hatukupata hata mmoja. Mama alisimama matopeni akatazama mwamba, halafu akanitazama mimi, akasema mto umechoka. Mwaka uliofuata ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimeingia sekondari, na siku moja mwalimu alichora ubaoni maporomoko, akaeleza kwamba kwa samaki wengi maporomoko ni ukuta, na kwamba wanaoweza kuyaruka ni wachache duniani. Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya madarasa nikakaa chini. Kitabu cha baba hakikuniongopea. Kilieleza mto wake. Mimi ndiye niliyechukua mto wa watu nikaumwagia juu ya mto wetu.

Kisha magoti ya mama yakaharibika na hakuweza tena kwenda mbali. Kila kiangazi alinituma. "Enda uangalie samaki ya kwetu," alikuwa anasema. "Ukipata, leta moja. Moja tu." Nilikuwa nakwenda, nakaa juu ya mwamba, natazama shimo la juu. Maji yalikuwa meusi na mazuri na hapakupanda kichwa. Miaka miwili nilirudi na kikapu kitupu na kumwambia sikupata. Alikuwa anageuza uso ukutani, na sikuweza kuvumilia mgongo ule. Mwaka wa tatu, nilipokuwa narudi, nilipita kwa wauzaji wa samaki pale bandarini, kwenye Lualaba, nikanunua samaki wa aina ileile, kichwa kilekile cha nyoka, nikampaka matope kidogo, nikampelekea. Alimpokea kwa mikono miwili. Alimgeuza ubavu huu na huu.

"Aksanti, mama," aliniambia, kama wanavyomwita binti kwetu wakimpenda. Akampika, tukala.

Basi nikaendelea. Kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, nilikwenda kijitoni kwa miguu, nikatazama shimo tupu, nikarudi kupitia bandarini. Niliolewa, nikazaa, nikawa mwalimu, na uongo wangu ukawa na ratiba kama mitihani ya serikali. Nilijitetea kwamba namfurahisha mzee. Nilikuwa naogopa.

Kiangazi cha mwaka huu nilikwenda kama kawaida. Mikelenge imejaa nyumba hadi karibu na njia ya kijito. Wanawake wachache bado wanaziba vipande vya chini, na mabeseni siku hizi ni ya plastiki. Nilipanda mwamba nikakaa mahali pangu. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, kusema kweli, maana nilishaacha kutazama. Nikasikia kitu kinavuta pumzi. Ni sauti ndogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Niliinua kichwa. Karibu na mizizi, juu ya maji, kulikuwa na ngumi nyekundu inayosogea, inafunguka kidogo na kufumba, na chini yake vivuli viwili.

Sijui walitoka wapi. Labda wachache walibaki kule kinamasini, ambako sumu yangu haikupanda, na walihitaji miaka yote hiyo kujaa tena. Labda mwanamke fulani aliwaleta ndani ya ndoo bila kumwambia mtu. Nilikaa pale hadi jua lilipohama, nikilia, na daftari moja lilianguka majini. Mwenye daftari hilo nimempa alama nzuri. Kikapu kilikuwa kando yangu. Sikukigusa. Na wakati wa kurudi nilikata njia moja kwa moja hadi nyumbani, bila kupita bandarini.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua sombe. Aliangalia kikapu kitupu kabla ya kuniangalia usoni.

"Iko bure?"

"Iko bure, mama. Lakini nimewaona. Wawili, na watoto yabo. Nimewaacha."

Mikono yake ilisimama.

"Watoto iko rangi gani?"

"Nyekundu kidogo."

Alicheka, kile kicheko cha zamani cha kukaa chini, ingawa alikuwa ameshakaa. Kisha akafuta macho na ncha ya kanga.

"Leo njo umeona samaki ya kwetu," alisema. "Zile zingine zote zilikuwa za mto mukubwa. Samaki ya Lualaba iko na tumbo nyeupe. Ya kwetu iko nyeusi mupaka ndani ya kinywa. Miye nimeshika ile samaki tangu sina meno, sasa mutoto ananiletea ingine na matope juu."

Mwalimu wa jiografia, miaka yote hiyo, na sikuwahi kumfungua kinywa hata mmoja.

"Ulijua tangu ile ya kwanza?"

"Tangu kule porini. Mikono yako ilikuwa inanuka ile majani."

Nilikaa kwenye ngazi, karibu na miguu yake. "Sababu gani haukuniambia kitu?"

Alirudia kuchambua sombe, jani moja, la pili, akatupa bua pembeni.

"Mutoto alikuwa anakula," alisema.

Jioni hiyo tulipika ile sombe, tukaila bila samaki. Mama aliionja, akasema chumvi imezidi.